Shamba Walilosema Limetelekezwa

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alichukua maksai wetu wawili na plau kabla matanga hayajaanuliwa. Alipoona nimeweza kuishi bila vitu hivyo, akarudi kuchukua na shamba. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nina kinyongo cha bure. Kinyongo ninacho, na sababu ninayo.

Maksai aliwafungua zizini asubuhi, waombolezaji bado wanakunywa chai. Alisema ni mali ya familia, kwamba mwanamke hawezi kushika plau, na kwamba kila msimu atanilimia mimi kwanza ndipo ajilimie yeye. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa kwenye mkeka, binti yangu amelala mapajani, nikasikia kengele ya shingoni mwa maksai mwekundu ikipita dirishani na kuteremka njia ya kwake. Hakuna aliyeniuliza.

Nyumba niliyoolewa ilikuwa nyumba ya plau. Mume wangu alikuwa akichora mistari iliyonyooka kama imepigwa uzi, na wapita njia walisimama kuitazama. Mama mkwe aliwaleta wageni pembeni mwa shamba kuwaonyesha mistari ya mwanawe, kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Kwa watu hawa shamba safi ni shamba jekundu: limechomwa, limefagiliwa, limepinduliwa, halina hata jani. Kuacha majani shambani kulikuwa sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni kabla hujafagia.

Na baba mkwe aliacha neno kabla ya kufa. Ardhi ni ya familia, alisema, na mwenye haki nayo ni yule anayeihudumia; atakayeitelekeza misimu mitatu, inarudi kwa wenzake. Lilikuwa neno zuri la kuwabana wavivu. Sikuwahi kufikiri lingenibana mimi.

Msimu wa kwanza shemeji alikuja kunilimia mvua zikiwa zimeshapita nusu. Alikuwa amemaliza lake, la rafiki zake, na la kila aliyemwita. Langu alilipitia jioni moja, haraka haraka, akifuata mteremko kutoka juu mpaka chini kwa sababu ng'ombe hawachoki sana wakishuka. Mvua iliyofuata ikaigeuza mistari yake mifereji, ikanibebea mbegu nyingi mpaka barabarani. Mahindi yangu yaliota kwenye mtaro wa barabara, yamejipanga vizuri kabisa. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka nao, nikaingia ndani nikalia.

Msimu wa pili hakuja kabisa. Nilipomfuata alikuwa anapaka plau mafuta, akaniambia bila kuinua uso nisubiri zamu yangu. Nilisubiri. Mvua haikusubiri.

Ndipo siku moja, kwa hasira tu, nikachukua panga na mbegu nikaenda. Mabua ya msimu uliopita yalikuwa yamelala chini. Upande wa juu nilianza kuyakusanya na kuyachoma kama kawaida, nikachoka, nikaacha. Upande wa chini nikayaacha yalivyo, nikawa natoboa ardhi kwa ncha ya panga katikati ya mabua, natia mbegu, nafunika kwa kisigino. Shamba zima nililipanda hivyo, bila kupindua udongo. Nilipanda kama mtu anayemtukana mtu.

Jua lilipokuja katikati ya msimu, upande wa juu, ule niliousafisha, ukanyauka. Upande wa chini, ule wa uchafu, ukabaki kijani. Niliona kwa macho yangu, lakini sikujua nimeona nini.

Aliyeniambia nimeona nini ni bibi shamba, msichana aliyeletwa na idara ya kilimo, mwenye pikipiki na buti kubwa kuliko miguu yake. Alituita tukutane kwenye mashine ya kusaga. Alisema katika nchi nyingi za dunia, hata zile ambazo shamba la mtu mmoja huwezi kulimaliza kwa miguu asubuhi nzima, wakulima wameweka plau chini. Wanapanda moja kwa moja kwenye mabaki ya mavuno. Hawapindui udongo, hawauachi uchi, na hawarudii zao lilelile kila msimu. Akatuonyesha kwenye simu yake mashine kubwa kama nyumba ikipita kwenye mabua makavu, inapanda, na nyuma yake huoni hata mstari.

Mwenye mashine ya kusaga tulikuwa tunamwita Vumbi, kwa sababu unga ulikuwa haumtoki kwenye nyusi hata siku ya sikukuu. Alichungulia ile simu akasema, "Huyo dizeli ya kulimia imemwishia, anabahatisha tu."

Watu waliangua kicheko. Shemeji ndiye aliyecheka zaidi, akasema wenzetu huko wana mashine ya kila kitu, hata uvivu wameutengenezea mashine. Mimi niliuliza magugu je. Msichana hakunidanganya. Alisema miaka ya mwanzo magugu yatanitoa jasho, nipande fiwi, jamii ya maharage, katikati ya mahindi zitambae zifunike ardhi, na nikae mkao wa kuvumilia.

Yalinitoa jasho kweli. Mimi na binti yangu tulipalilia mpaka mikono ikawa haikunjiki. Msimu ule mavuno yangu yalikuwa madogo kuliko ya jirani yeyote, na niliyabeba nimeinamisha kichwa. Ndipo nikaitwa Mama Mabua. Watoto walinipigia kelele kwa jina hilo nikipita, na mama zao hawakuwakemea. Mama mkwe hakucheka wala hakukemea. Alikuja mpaka pembeni mwa shamba, akasimama pale alipokuwa akisimama na wageni wake, akatazama mabua na fiwi zilizotambaa ovyo. "Mistari ya mwanangu umeifuta yote," alisema. "Sasa nije kumtazamia wapi?"

Hilo liliniuma kuliko Mama Mabua, maana nilijua hasemi kwa ubaya.

Vita ya wazi kati yangu na shemeji ilianzia kwenye ng'ombe, baada ya mavuno ya msimu uliofuata. Kwetu, mkishavuna, mabua ya kila mtu ni malisho ya ng'ombe wa kila mtu. Hakuna anayebisha hodi. Mimi nilizungushia shamba langu miiba na mkonge, na palipokuwa bado pana mwanya nilisimama mwenyewe na fimbo. Shemeji akaja na kundi lake, akaniuliza kwa upole wa kuigiza kama nimeanza kula mabua mimi. Nikamwambia silali njaa kiasi hicho, ila mabua yangu yana kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwambia, "Yanafanya kazi uliyoahidi kuifanya wewe."

Watu waliokuwa karibu walicheka, safari hii kwa upande wangu. Nadhani ndiyo siku aliyoamua kunimaliza.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi, ambaye kwa kazi yake ni fundi viatu. Kikao kilifanyika kwenye karakana yake, chumba chembamba chenye harufu ya gundi, viatu visivyokuwa na wenyewe vimepangwa ukutani mpaka darini. Wanakamati walikaa kwenye benchi moja, mama mkwe akapewa kiti cha wateja, mimi nikasimama mlangoni kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Shemeji alisema mbele ya wote kwamba shamba la marehemu kaka yake limetelekezwa. Misimu mitatu halijaingia plau. Limejaa takataka na mimea inayotambaa kama pori, na mahindi yanayoonekana mle yamejiotea yenyewe kutokana na punje zilizodondoka. Kwa hiyo, kwa neno la baba yao, lirudi.

Nikasema ninapanda, ninapalilia, ninavuna. Akasema, "Shemeji, wewe huvuni. Wewe unaokota."

Fundi aliendelea kuvuta uzi kwenye soli, kisha akasema ni vizuri waende kuona. Walikwenda siku hiyo hiyo, kiangazi kikali, wakati shamba langu lilikuwa katika hali yake mbaya kuliko zote kwa macho ya mtu asiyejua: mabua ya kijivu, majani yaliyokufa, fiwi zilizokauka. Upande wa pili wa mpaka lilikuwepo la shemeji, limefagiliwa, jekundu, maridadi. Mwanakamati mmoja alifunika pua, kana kwamba mabua yananuka. Mama mkwe akanishika mkono akaniomba, "Kubali walime, mwanangu, yaishe. Tunaaibika."

Mwenyekiti hakuamua papo hapo. Alisema watarudi mahindi ya watu yakifika kiunoni. Wakikuta shamba, ni langu. Wakikuta pori, linarudi. Shemeji akatabasamu, maana yeye alikuwa na hakika ya pori.

Lakini hakuiamini hakika yake vya kutosha. Mvua za kwanza zilipokaribia, nilimwona asubuhi akishuka njia na maksai na plau, akasema amekuja kunisaidia kabla ya kamati kurudi, yaliyopita yamepita. Maneno matamu kweli kweli. Ila nilikuwa nimeshaishi naye muda wa kutosha kujua kinachofuata: akishapindua shamba lile yeye, kesho atasema ni yeye aliyelihudumia. Na kazi ya miaka yangu yote, ardhi iliyoanza kulainika chini ya mabua, ingegeuzwa, na jua lingeikausha kwa asubuhi moja.

Nilikwenda nikakaa chini kwenye mlango wa shamba, katikati ya njia, miguu nimenyoosha. Alinipigia kelele niondoke, nikamwambia apite juu yangu. Aliwachapa maksai. Yule mwekundu akaja mpaka nilipokaa, akasimama, akashusha kichwa akaninusa kiganja. Mimi ndiye niliyemlisha tangu ndama. Shemeji alichapa tena, na yule mnyama akaendelea kunilamba mkono, kengele inalia taratibu. Majirani walikuwa wameshatoka nje. Ikabidi shemeji ageuze plau yake pale pale, na kugeuza plau na maksai wawili kwenye njia nyembamba mbele ya watu si jambo la kupendeza. Vumbi alimshauri kwa sauti ya juu ajaribu kurudi kinyumenyume.

Nikapanda kwa njia yangu. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa ananifikia begani, alitangulia na kijiti kilichochongwa ncha akichoma mashimo, mimi nikifuata na mbegu. Mvua ilikuja kwa kishindo, siku kadhaa mfululizo. Kwa shemeji maji yalishuka mekundu kama chai ya maziwa, yakabeba udongo na mbolea yake, ikabidi apande upya nusu ya shamba. Kwangu maji yaliingia chini ya mabua na sikuyaona tena. Kisha mvua ikakata.

Ilikata kabisa. Mbingu ikawa nyeupe. Kila asubuhi nilitoka nikitazama mahindi kabla ya kutazama kitu kingine, na sitaki kujifanya nilikuwa na imani, maana sikuwa nayo. Nilikuwa na woga. Nilikuwa nimemweka binti yangu, nyumba na kila kitu juu ya mabua. Mahindi ya shemeji yakaanza kujikunja saa za mchana kama sigara, halafu yakawa hayakunjuki hata asubuhi. Yangu yalisimama. Yalifika magotini, yakafika kiunoni, majani mapana, na chini fiwi zimetandaza kijani chao mpaka kwenye mpaka. Hapo zikaishia, kana kwamba kuna mtu amekata kwa mkasi, na ng'ambo ya pili ulianza udongo mtupu wenye nyufa.

Siku waliyorudi wanakamati, nusu ya mtaa iliwafuata. Mwenyekiti alisimama pale mpakani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua kofia akajipepea. Shemeji ndiye aliyeanza. Alisema namwagilia kwa siri.

Mwenyekiti akauliza namwagilia kwa maji gani. Bomba la mtaa liko kwa Vumbi, na Vumbi alikuwepo. Vumbi akasema huyu mama huchota ndoo ya kunywa na ya kufulia. Kama kwa ndoo hizo analimwagilia shamba zima, basi wamwache afanye miujiza yake na yeye anaomba kuwa mfuasi.

Wakati watu wanacheka, mama mkwe alikuwa ameshaingia shambani kwangu. Aliinama, na kuinama kwake wakati huo kulikuwa kazi, akayasogeza mabua kwa kiganja, akaingiza vidole kwenye udongo. Viliingia. Mkono ukaingia mpaka kifundo. Alipoutoa, ulikuwa na udongo mweusi, wa baridi, unaoshikana, na nyungunyungu mmoja mnene aliyekuwa akijinyonganyonga, akamweka chini taratibu kama kitu cha thamani. Kisha akavuka mpaka akaenda kwa mwanawe. Akainama tena. Vidole vikagoma. Akakwaruza kwa kucha, akapata vumbi, akajaribu mahali pengine, akapata vumbi.

Alisimama wima akapangusa mikono kwenye khanga. Alizungumza na mwenyekiti, lakini alikuwa anamtazama mwanawe.

"Hili la mkwe wangu halikutelekezwa," alisema. "Lililotelekezwa ni lile."

Nimesikia mambo mengi mazuri maishani, nimesikia binti yangu akilia mara ya kwanza alipozaliwa. Lakini sijui kama nimewahi kusikia kitu kilichoniingia mwilini kama maneno yale. Nilishika bua la hindi, nalo likanishikilia.

Mwenyekiti alitamka pale pale kwamba shamba ni langu, na baada yangu ni la binti yangu, na kwamba suala hilo asiletewe tena kwenye karakana. Wanakamati wote walikubali, hata yule aliyefunika pua. Shemeji aliondoka kabla ya mwisho.

Msimu ule nilivuna sana: magunia yalipojaa chumba cha kwanza tukayaegemeza sebuleni, na tulikuwa tunapita ubavu ubavu kwenda jikoni. Majirani walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Vumbi, kaja kuomba mbegu za fiwi, akasema dizeli imemwishia na yeye. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakipitia nyuma kwanza, baadaye wakipitia mbele. Wale waliokuwa wakinipigia kelele utotoni wanakuja kuniuliza mabua yakae unene gani. Siku hizi ukisimama kwenye mashine ya kusaga ukitazama mteremko mzima, mashamba mekundu unayahesabu kwa vidole, na mtaro wa barabara mvua ikinyesha unapitisha maji meupe.

Shemeji alikuwa wa mwisho. Hakuja mwenyewe, alimtuma mkewe na kopo. Nililijaza mpaka pomoni. Sikufanya kwa wema. Nilitaka kumwona shemeji ameinama na kijiti.

Bibi shamba, ambaye sasa ni mkubwa wa idara na buti zinamtosha, alituletea wageni, wakulima kutoka nchi mbalimbali, na mkalimani. Mmoja alikuwa mzee mnene mwenye viganja vigumu kama vyangu, wa nchi ambako ardhi huganda kwa baridi. Alisimulia kwamba alipoacha plau, baba yake aliacha kumsalimia, na majirani walimwita mvivu. Mkalimani alipotafsiri, tulicheka mpaka tukashikana mabega, mimi na yule mzee. Nilikuwa nadhani tusi hilo lilitengenezwa kwa ajili yangu peke yangu, kumbe limezunguka dunia nzima na kila mahali limeshindwa.

Siku hiyo shemeji alijitokeza na shati la kola, akawaambia wageni kwamba kazi hii ilianzishwa na familia yetu, na akataka kuwatembeza kwenye shamba lake. Mama mkwe, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alimshika yule mzee mkono wa shati bila kungoja mkalimani, akamvuta mpaka pembeni mwa shamba langu, pale pale alipokuwa akisimama na wageni wake zamani, akamwonyesha. Wageni wote wakawafuata. Shemeji akabaki na mkono wake hewani.

Maksai sidai tena. Yule mwekundu alikufa kwa uzee, mwenzake aliuzwa, na plau imelala nyuma ya nyumba ya shemeji, imeota kutu, na sina kazi nayo. Mama mkwe hanidai wala simdai.

Anayedaiwa ni shemeji. Alisema kwenye karakana ya fundi viatu, mbele ya kamati, mbele ya mama yake, nami nimesimama mlangoni, kwamba shamba limetelekezwa na kwamba mimi ni mwokotaji. Maneno hayo hajayarudisha. Ananisalimia, anachukua mbegu zangu, anapanda kama mimi, anawahutubia wageni. Nataka aende pale pale, watu wakiwa wamekaa kwenye benchi lile lile, aseme alisema uongo na alijua kwamba ni uongo. Ni maneno machache, na fundi hufungua karakana kila siku.